UZI: Nani atafungua choo cha soko kesho asubuhi?

1/ Wiki hii tena timu mbili zinarushiana maneno huku mtandaoni. Moja inasema "sisi tulijenga soko." Nyingine inajibu "soko gani, lile mliloacha likioza?" Kila upande una picha zake. Mimi sitataja mwanasiasa wala chama, maana ukibadilisha majina mabishano yanabaki yale yale. Nataka tuongee juu ya kitu ambacho timu zote mbili hazikigusi: kujenga soko ni kazi moja, kuliendesha ni kazi nyingine, na pesa zake hutoka kwa mafungu tofauti. Twende pole pole.

2/ Kwanza kisa. Mjini kwetu kuna soko lililofunguliwa kwa mbwembwe. Hema, spika, utepe, hotuba tano. Lina choo kizuri chenye milango minane. Miezi michache baadaye maji yalikatwa, choo kikapigwa kufuli. Mpaka leo akina mama wanaouza nyanya pale huvuka barabara kwenda kwa hoteli, na kila wakienda ni shilingi kumi. Mmoja aliniambia hanywi maji mpaka saa kumi jioni, ndio asihitaji kwenda.

3/ Halafu tukaitwa kwa kikao cha maoni ya umma, ukumbi wa jamii. Tukaambiwa tuchague: soko la pili, maktaba, ama taa za mulika mwizi. Yule mama akainua mkono: "Hilo soko la pili, choo chake kitakuwa na maji ama kitakuwa kama cha hili?" Watu wakacheka. Afisa akajibu kwamba hayo ni mambo ya uendeshaji, tutayaongelea siku nyingine. Hiyo siku nyingine bado hatujaitwa.

4/ Ukweli ni kwamba mama ndiye aliuliza swali la maana kuliko yote siku hiyo. Ili kulijibu inabidi tujue mambo manne: kazi ni ya nani, bodi ya mji ina nguvu gani, pesa inapita wapi, na sisi tunaweza kuingilia wakati gani.

*KAZI NI YA NANI?*

5/ Kabla ya 2013 tulikuwa na serikali za mitaa 175: mabaraza ya majiji, manispaa, miji na wilaya, yote yakiwa na madiwani. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 yakaisha, kaunti 47 zikachukua kazi. Ndio maana askari wa kaunti bado tunamwita "kanjo". Baraza lilikufa, jina likabaki, na mazoea ya kutafuta "baraza la mji" yakabaki pia.

6/ Leo kazi zimegawanywa katika Jedwali la Nne la Katiba. Kaunti imepewa makundi 14 ya kazi. Ndani yake kuna masoko, leseni za biashara, uzoaji taka, makaburi, vichinjio, taa za barabarani, maegesho, barabara za kaunti, mitaro ya maji ya mvua, maji na usafi, zimamoto, maktaba, viwanja vya michezo, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na hospitali za kaunti. Kwa ufupi, karibu kila kitu unachokanyaga, unachonusa na unachopanga foleni ukingoje mjini.

7/ Ambavyo SI vya kaunti: shule za msingi na za upili, polisi, barabara kuu za kitaifa, na hospitali kubwa za rufaa za kitaifa. Kwa hivyo mtu anayetaka kuwa MCA akikuahidi kituo cha polisi, muulize kwa heshima atakijenga akiwa nani. Na gavana akikuambia taka zilizorundikana ni shida ya serikali kuu, hapo pia simama kidogo.

8/ Jambo lingine linalochanganya watu: MCA hana kibeti. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti, kuwakilisha wadi na kuchunguza watendaji. Anayetekeleza ni gavana na idara zake. MCA akisema "nimewaletea taa", maana yake halisi ni kwamba alipigania fungu likaingia kwa bajeti. Hiyo ni kazi nzuri, mpe sifa zake. Lakini taa ikizima, swali lake linabadilika: umemuuliza waziri wa kaunti nini, lini, na jibu liko wapi kwa rekodi za bunge la kaunti?

*BODI YA MANISPAA NI MNYAMA GANI?*

9/ Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, iliyorekebishwa 2019, inaruhusu mji wenye wakazi 50,000 hivi kuwa manispaa, na 250,000 kuwa jiji. Manispaa hupewa hati yake, meneja wake na bodi yake. Wanachama wa bodi hatuwachagui kwa debe kama zamani tulivyochagua madiwani. Huteuliwa na upande wa gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti.

10/ Kwa nini bodi nyingi zilizaliwa kwa pamoja? Kulikuwa na mpango wa miji uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliogusa manispaa 59 katika kaunti 45. Ili kupata pesa, mji ulihitaji kuwa na hati na bodi. Kaunti zikakimbia kuziunda. Pesa zilikuja zikajenga barabara za lami, mitaro, taa, masoko. Hilo ni jambo jema. Ila mfadhili hulipia ujenzi. Mshahara wa mfagiaji ni juu yako.

11/ Na hapa ndipo bodi nyingi zinakwama. Kuwa na bodi hakumaanishi bodi ina kazi. Kaunti lazima iikabidhi majukumu, wafanyakazi na bajeti. Unaweza kukuta bodi inakutana, chai inanywewa, lakini soko bado linasimamiwa na idara ya biashara, choo cha soko na idara ya afya, maji na kampuni ya maji, taa na idara ya ujenzi. Choo kikifungwa kila mmoja anaonyesha kidole kwa mwenzake, na kila mmoja ana barua ya kuthibitisha.

12/ Kwa hivyo swali la kwanza kwa meneja wa manispaa si "mnatufanyia nini?" Hilo litakupa hotuba. Uliza: "Ni kazi gani mmekabidhiwa kwa maandishi, na ni zipi bado ziko makao makuu ya kaunti?" Jibu la hilo swali ndilo litakuambia ubishane na nani.

*PESA INAPITA WAPI?*

13/ Bajeti ya kaunti ina pande mbili. Upande wa maendeleo: kujenga, kununua mashine, kuweka lami. Upande wa matumizi ya kawaida: mishahara, maji, stima, mafuta ya gari la zimamoto, dawa, sabuni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Nia ilikuwa nzuri: pesa zisiishie zote kwa mishahara na safari.

14/ Lakini kuna athari ambayo hatuiongelei. Jengo jipya huhesabiwa kama maendeleo. Kulifagia hakuhesabiwi. Kwa hivyo kiongozi anayejenga soko la pili anaonekana mchapa kazi, na anayetia maji kwa soko la kwanza anaonekana amekula tu matumizi ya kawaida. Hakuna utepe wa kukata siku bili ya maji imelipwa. Hakuna picha ya kupiga.

15/ Sasa ushuru. Kila asubuhi mchuuzi anakata tiketi ya soko, na anaamini kwamba ile pesa ndiyo inasafisha soko lake. Sivyo. Kwa Kifungu cha 207 cha Katiba, mapato ya kaunti huingia kwa Hazina ya Mapato ya Kaunti, na kutoa kunahitaji sheria ya bajeti na idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Hiyo ni kinga dhidi ya wizi, na mimi naiunga mkono. Lakini ikishaingia huko, shilingi ya mama mboga inapanga foleni moja na mishahara, dawa na madeni ya wanakandarasi.

16/ Tufanye hesabu ya mfano tu, tarakimu ni zangu. Soko la vibanda 200, tiketi Sh40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni Sh208,000. Matumizi: wafagiaji wanne kwa Sh18,000, ni 72,000. Walinzi wawili kwa Sh20,000, ni 40,000. Maji 25,000. Stima 15,000. Kuzoa taka 30,000. Sabuni na marekebisho madogo 10,000. Jumla Sh192,000.

17/ Unaona? Kwa hesabu hiyo, wote wakilipa, soko linajilipia na linabakisha Sh16,000. Ukikuta choo kimefungwa kwa sababu ya bili ya maji ya elfu ishirini na kitu, wakati soko lenyewe linakusanya laki mbili, basi usikubali haraka maneno ya "hakuna pesa". Kuna pesa. Ilienda safari na haikurudi. Weka tarakimu za soko lenu halisi uone zinasema nini.

18/ Inaweza kurekebishwa? Ndiyo, na kuna mfano karibu. Hospitali za umma zilikuwa na shida hii hii: zinakusanya, pesa inaenda makao makuu, wodi inakosa glavu. Mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya kitaifa inayoziruhusu hospitali kubaki na mapato yao na kuyatumia pale pale, kwa hesabu na ukaguzi. Masoko hayajapata mlango wa aina hiyo. Lakini bunge la kaunti linaweza kutenga fungu la uendeshaji la kila soko kwa jina, lisomeke kwa bajeti. Hilo halihitaji kubadilisha Katiba.

*MAJIBU MTAKAYOPEWA*

19/ "Serikali kuu imechelewesha mgao." Mara nyingine ni kweli kabisa, kaunti hukaa miezi bila kupokea. Usibishe kwa hisia. Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti kila robo ya mwaka, kaunti kwa kaunti: kilichopokelewa, kilichokusanywa, kilichotumika na kwa nini. Ukikuta mgao ulichelewa lakini safari na vikao vililipwa kwa wakati, umepata jibu lako.

20/ "Wachuuzi wenyewe wamekataa kuingia sokoni, wanapenda barabara." Hii inasemwa sana. Uliza kwanza soko lilijengwa wapi. Mteja wa mboga anashuka kwa stegi saa kumi na mbili jioni akiharakisha nyumbani. Ukijenga soko mbali na stegi, ama ukaweka wauza mboga ghorofa ya pili, umemwambia mchuuzi achague kati ya paa na wateja. Atachagua wateja. Huo si ukaidi, ana watoto wa kulisha.

21/ "Tutakodisha choo kwa kikundi cha vijana." Si wazo baya. Nairobi, vyoo vingi vya katikati ya jiji viliendeshwa kwa miaka na vikundi kwa ada ndogo, na vingi vilikuwa safi kuliko vilivyokuwa mikononi mwa baraza. Lakini dai mkataba uonekane: ada ni ngapi, nani analipa maji, wachuuzi waliokwisha kulipa tiketi ya soko wataingia bure? La sivyo yule mama atalipa mara mbili kwa kitu kimoja.

22/ "Mlialikwa kwa kikao, hamkuja." Tangazo lilitoka lini, wapi, kwa lugha gani? Tangazo kwenye gazeti siku ya Ijumaa kwa kikao cha Jumatatu saa nne asubuhi, wakati soko limejaa, ni kualika watu ambao unajua hawatakuja. Katiba, vifungu vya 196 na 201, inataka wananchi washirikishwe. Kusaini karatasi ya mahudhurio na kupewa soda hakutoshi.

23/ Na wale wanaosema maktaba ni anasa: Maktaba ya McMillan pale Nairobi ilifunguliwa 1931 na leo iko chini ya kaunti. Wanafunzi wangapi wamesomea huko ambao nyumbani hawakuwa na meza wala taa? Lakini miaka mingi ya kukosa matunzo iliichosha pamoja na matawi yake, mpaka matawi ya Kaloleni na Makadara yakakarabatiwa kwa ushirikiano na shirika lisilo la serikali. Jengo linaweza kuishi karibu miaka mia moja. Bila fungu la matunzo linakuwa ombaomba.

*TUNAINGILIA WAKATI GANI?*

24/ Wengi wetu hupiga kelele mwezi wa Juni bajeti ikisomwa. Wakati huo nyama imeshagawanywa. Andika hizi tarehe: kufikia 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bunge la kaunti. Kufikia 28 Februari, taarifa ya mkakati wa fedha, ambapo kila idara huwekewa kiwango. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti. Kufikia 30 Juni, iwe imepitishwa. Ukitaka mradi, Septemba. Ukitaka pesa ya kuuendesha, Februari na Mei.

25/ Maswali matano ya kubeba kwa kikao chochote cha kituo cha umma, iwe soko, zahanati, ukumbi au uwanja:
– Kwa mwaka kitagharimu pesa ngapi kukiendesha?
– Fungu hilo liko ukurasa gani wa bajeti?
– Wafanyakazi wake wameshaajiriwa ama wataajiriwa lini?
– Maji na stima vitalipwa na nani?
– Kikiharibika, ni afisa gani wa cheo gani tunampigia?

26/ Wakikataa kujibu kwa mdomo, andika barua. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inawapa siku 21 za kukujibu. Huhitaji wakili. "Naomba nakala ya mapato ya soko kwa miezi 12 iliyopita, na matumizi ya soko hilo kwa muda huo." Sentensi moja. Peleka nakala mbili, moja wapige muhuri ubaki nayo. Wakinyamaza, ofisi ya Ombudsman ndiyo inasimamia sheria hiyo. Pia mna haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti.

27/ Tuseme ukweli na sisi pia. Tunapenda utepe. Mgombea akija na mchoro wa soko la ghorofa tatu tunapiga makofi, na akija wa kusema "nitalipa bili za maji kwa wakati" tunamwona hana maono. Viongozi wanasoma makofi yetu. Tukianza kushangilia choo kinachofunguka kila siku saa kumi na moja asubuhi, nao watajifunza.

28/ Mimi nimeandika ile barua ya soko letu wiki jana, nimepigiwa muhuri, sasa nahesabu siku. Yule mama alinisaidia kwa hesabu ya vibanda, maana anawajua wote kwa majina. Jibu likija nitalileta hapa lilivyo, liwe zuri au baya. Wewe nawe chukua kituo kimoja tu mtaani kwenu, uliza yale maswali matano, utuambie umejibiwa nini. Sambaza kwa kundi la WhatsApp la mtaa, hasa kwa wale wanaouza sokoni. Huu uzi ni wao.